Punguza Uzito kwa Namna Utakayoiweza Hadi Uzeeni

Dawa za kupunguza tumbo zimejaa mitaani. Kuna majani ya kuchemsha, mikanda ya kubana kiuno, vidonge visivyo na jina la mtengenezaji, na matangazo yanayoahidi kuyeyusha kitambi kwa siku 7. Wanaozinunua si wajinga. Ni watu ambao magoti yanawauma, presha imeanza kupanda, au ngazi za ofisini zinawaacha wakihema, nao wanataka msaada wa kweli. Lakini bidhaa hizi zote zinauza dhana moja: kwamba mafuta ni uchafu uliokwama mwilini, na kwamba kuna kitu kinachoweza kuutoa haraka. Ukishaelewa mafuta yanafanya kazi gani, utaacha kutupa fedha yako huko, na utaona kwa nini mabadiliko madogo unayoweza kuishi nayo miaka 20 yana nguvu kuliko mwezi mmoja wa kujitesa.

Mafuta ni ghala

Gramu moja ya mafuta hubeba kalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini hubeba kalori 4. Kwa hiyo mwili unaotaka kuweka akiba huchagua mafuta, kwa sababu akiba kubwa hukaa mahali padogo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori 7,700 hivi. Mtu mzima kwa kawaida hutumia kati ya kalori 2,000 na 2,500 kwa siku, maana yake kilo hiyo moja inaweza kumwendesha kwa siku tatu hivi bila kutia kitu mdomoni. Wazee wetu waliovuka miezi ya njaa kabla ya mavuno waliivuka kwa ghala hili. Usilichukie. Shida inaanza pale linapojazwa kila siku na msimu wa kulifungua haufiki.

Ghala lenyewe ni mabilioni kwa mabilioni ya seli ndogo zinazotanuka na kunywea. Idadi yake hupangwa zaidi utotoni na ujanani. Ukiwa mtu mzima, karibu asilimia 10 ya seli hizo hufa kila mwaka na nyingine huzaliwa kushika nafasi, hivyo idadi inabaki karibu ileile. Unapopungua uzito, seli hunywea lakini haziondoki. Zinabaki pale zikiwa tupu, tayari kupokea tena. Kumbuka jambo hili tutakapofika kwenye suala la kilo zinazorudi.

Mlango wa ghala unalindwa na homoni iitwayo insulini. Ukila, sukari ya damu hupanda, na kongosho hutoa insulini inayoziamuru seli za misuli, ini na mafuta zipokee chakula, huku ikizuia mafuta yaliyohifadhiwa yasitoke. Saa kadhaa baadaye insulini hushuka, mafuta huachiwa yaingie kwenye damu, na misuli huyachoma. Hayo yanatokea mwilini mwako kila siku, hata usiku ukiwa umelala. Kwa muda mrefu, kinachoamua ukubwa wa ghala ni kile kinachoingia kikilinganishwa na kinachotoka. Ndiyo maana si haki kuulaumu ugali peke yake. Wanga ukizidi huhifadhiwa, mafuta yakizidi huhifadhiwa, na pombe nayo, yenye kalori 7 kwa gramu, huchomwa kwanza na kuyaacha mengine yakisubiri ghalani.

Je, mafuta yakichomwa huenda wapi? Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walichapisha hesabu ambayo iliwashangaza hata madaktari wengi. Mtu akichoma kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 hutoka kwa njia ya pumzi zikiwa kaboni dioksidi, na kilo 1.6 zinazobaki hugeuka maji. Jasho linalotiririka chini ya mkanda wa plastiki, basi, si mafuta. Kuharishwa na majani ya chai ya tumbo hakutoi mafuta pia. Kunatoa maji na chumvi ambazo mwili unazihitaji, na mtu anayekunywa chai hizo kwa miezi anaweza kujiumiza.

Mahali mafuta yalipo pana uzito kuliko kiasi chake. Yale ya chini ya ngozi, kwenye mapaja, makalio na mikono, hayana madhara makubwa. Yanayotisha ni yale yanayojikusanya ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo, kwa sababu yanahusiana kwa karibu na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Chukua utepe wa fundi cherehani, upitishe katikati ya ubavu wa chini kabisa na mfupa wa nyonga, toa pumzi kwa kawaida, usome. Shirika la Afya Duniani linasema hatari huanza kuongezeka sentimeta 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na huwa kubwa zaidi kuanzia 102 na 88. Mwanamke mwenye nyonga pana na kiuno chembamba asitishwe na maneno ya watu. Mwanamume mwenye mikono myembamba na kitambi cha mviringo ndiye anayepaswa kwenda kupima sukari na presha wiki hii.

Mazoezi ya kujikunja tumbo hayachomi mafuta ya tumboni pekee, kwa kuwa mwili huchota kutoka ghala zima. Habari njema ni kwamba uzito unapopungua, mafuta ya ndani ya tumbo huwa miongoni mwa ya kwanza kupungua.

Kwa nini kilo hurudi

Mtu anaacha ugali, wali na chapati kabisa. Baada ya siku tano mizani inaonyesha amepungua kilo 2, anafurahi, anawatangazia wenzake. Kilichotokea ni hiki: misuli na ini hutunza akiba nyingine ndogo ya wanga, karibu nusu kilo, na kila gramu ya akiba hiyo imeshikana na gramu 3 hivi za maji. Akiba ikitumika, maji hutoka. Jumapili anakula pilau harusini, akiba inajazwa, kilo 2 zinarudi, naye anakata tamaa akidhani mwili wake umelaaniwa. Mafuta yake hayakuongezeka kwa sahani moja ya pilau, kama ambavyo hayakuwa yamepungua kwa kilo 2 ndani ya siku tano.

Ugumu wa kweli huja baadaye. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa New York waligundua leptini, homoni inayotengenezwa na seli za mafuta zenyewe ili kuujulisha ubongo kuna akiba kiasi gani. Akiba ikishuka, leptini hushuka, na ubongo husoma hali hiyo kuwa ni njaa inayokuja. Unaongeza hamu ya kula, unafanya harufu ya maandazi iwe na nguvu mpya, na unapunguza matumizi ya nishati bila kukuuliza. Mtafiti Kevin Hall aliwafuatilia watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito nchini Marekani. Walikuwa wamepungua karibu kilo 58 kila mmoja kwa wastani, ndani ya wiki 30. Miaka sita baadaye, kama matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yanavyoonyesha, kilo 41 hivi kati ya hizo zilikuwa zimerudi, na miili yao ilikuwa ikitumia kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao.

Nawaomba wanaowacheka watu waliorudisha uzito waisome aya iliyopita mara mbili. Mtu anayepambana na njaa iliyochochewa na ubongo wake mwenyewe si mvivu wala hana upungufu wa imani. Na wewe unayetaka kuanza, chukua funzo moja: kila badiliko unalolifanya liulize kama utaliweza mwaka ujao, ukiwa na msiba, na mtoto mgonjwa, na mwisho wa mwezi hujalipwa. Kama jibu ni hapana, tafuta dogo zaidi.

Wahadzabe na hesabu ya mazoezi

Wengi wetu tunaamini kwamba tumenenepa kwa sababu tumeacha jembe na kupanda bodaboda. Ni nusu ya ukweli. Karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, Wahadzabe bado wapo wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kurina asali na kuokota ubuyu. Herman Pontzer na wenzake walipima nishati yao kwa kuwapa maji yenye alama maalumu ambayo huonyesha mwili umechoma kiasi gani kwa siku nzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Wahadzabe hutembea mwendo mrefu sana kila siku, lakini ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa mijini Marekani na Ulaya. Inaonekana mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi kwingine.

Hii haina maana kwamba usitembee. Ina maana kwamba huwezi kukimbia nusu saa kisha ukala chipsi mayai ukitegemea hesabu kufutana. Kupungua uzito huanzia kwenye sahani. Mwendo una kazi nyingine kubwa: unashusha presha, unawezesha misuli kupokea sukari, unatuliza moyo wenye mawazo, na unasaidia sana uzito uliopungua usirudi. Lenga angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka, kiasi cha kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Shuka kituo kimoja kabla ya chako. Ongeza na kazi ya kutumia nguvu mara mbili kwa wiki, iwe kubeba ndoo, kulima bustani, kupiga pushapu au kuchuchumaa na kuinuka, kwa sababu mtu anayepungua bila kutumia misuli hupoteza mafuta na misuli pamoja.

Jikoni

Hapa ndipo pa kutulia. Anza na mafuta ya kupikia, kwa kuwa ndiyo yasiyoonekana. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi. Kaya ya watu watano inayomaliza lita moja kwa siku nne inampa kila mtu zaidi ya kalori 400 kwa siku kutoka kwenye mafuta peke yake, kabla hujahesabu ugali wala nyama. Na hakuna anayejua, kwa sababu mafuta yalimiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Hamishia mafuta kwenye chupa ndogo, na upime kwa kijiko: kijiko kimoja cha chakula kwa kila mlaji kwenye mlo mkuu kinatosha kukaanga kitunguu na nyanya hadi vikaiva vizuri. Mchuzi wa nazi hauhitaji mafuta mengine, kwa kuwa tui zito lina mafuta yake. Samaki akichomwa au akipikwa mchuzi ana utamu wake wote. Ukifanya badiliko hili moja tu, nyumba nzima inaweza kupungua bila mtu kuhisi tofauti kubwa.

Kisha sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwa chini ya gramu 25 ni bora zaidi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4, lakini wengi wetu tunachota kwa kilima. Vikombe vitatu vya chai yenye vijiko vitatu vya kilima vinaweza kupita gramu 50 kabla ya saa kumi jioni. Soda ya mililita 350 ina gramu 35 hadi 40. Vinywaji hivi vina ubaya mmoja zaidi: havishibishi, kwa hiyo utakula chakula kilekile juu yake. Usikate sukari kwa ghafla. Punguza nusu kijiko, kaa hapo wiki mbili, punguza tena. Ulimi huzoea, na baada ya miezi michache chai ya zamani utaiona kama uji wa mtoto. Juisi ya matunda iliyotiwa sukari ihesabu kama soda. Kula embe lenyewe.

Ugali usiuache. Ni chakula cha nyumbani, ni rahisi, na mtu akiambiwa aache ugali maisha yake yote ataurudia kwa hasira. Punguza fungu lako liwe la ukubwa wa ngumi yako au ngumi moja na nusu, na mahali palipobaki pajazwe na mboga za majani na kitu chenye protini: maharage, kunde, dagaa, samaki, yai, nyama isiyo na mafuta mengi. Protini na nyuzinyuzi hukaa tumboni muda mrefu, na hiyo ndiyo silaha yako dhidi ya ile njaa ya leptini. Mchicha, matembele, sukuma wiki, mlenda na bamia vina kalori chache mno kiasi kwamba unaweza kuongeza bila wasiwasi, ilimradi havikuogeleshwa kwenye mafuta. Unga wa dona una nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe. Asubuhi, kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha pamoja na yai kitakufikisha mchana vizuri kuliko chapati mbili, ambazo uziweke kwa Jumapili na uzifurahie bila hatia.

Kama mnakula kwenye sinia moja, vuta fungu lako upande wako kabla hujaanza, la sivyo hutajua umekula kiasi gani. Kwa mama ntilie, sema "wali nusu, mboga nyingi, maharage". Atakuelewa, na baada ya wiki hutahitaji kusema. Ukienda kunywa bia, kumbuka kwamba chupa ya nusu lita ina kalori 200 hivi, na kwamba bia ya tatu ndiyo inayoagiza mishikaki.

Kwa wafungaji wa Ramadhani: wapo wanaomaliza mwezi wakiwa wazito kuliko walivyouanza, kwa sababu ya sambusa, bagia, tambi za sukari na vinywaji vitamu vinavyofuatana hadi usiku. Futuru kwa tende na maji, kasali Magharibi, kisha urudi kwenye chakula. Muda huo mfupi unatosha kutuliza pupa. Vya kukaanga viwe kionjo.

Usingizi nao ni sehemu ya chakula, ingawa haupikwi. Mtu anayelala kwa saa tano tu kila siku huamka na hamu kubwa zaidi ya vitu vitamu na vya mafuta. Saa saba za usingizi ni lengo zuri. Zima simu.

Maneno ya watu, na mizani

Ukianza kupungua, utaulizwa: "Mbona umekonda, unaumwa?" Katika nchi zetu wembamba ulihusishwa kwa miaka mingi na ukata, kisha na UKIMWI, na unene ukawa ushahidi kwamba mambo ni mazuri. Watu wengi wameacha safari hii kwa sababu ya swali hilo tu. Jiandae na jibu fupi: "Siumwi, nimeamua kuitunza presha yangu." Ugenini, kula polepole ili sahani yako isiwe ya kwanza kuwa tupu, msifu mpishi kwa dhati, na sema "nimeshiba, ahsante" bila kujieleza zaidi.

Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kutoka chooni. Kiuno mara moja kwa mwezi. Nchini Marekani kuna rejesta iliyoanzishwa mwaka 1994 inayowafuatilia watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kudumu hivyo mwaka mmoja au zaidi. Robo tatu yao hivi hujipima kila wiki, na tisa kati ya kumi hufanya mazoezi, wastani wa karibu saa moja kwa siku. Kilo 2 zikirudi wanaziona mapema na kurekebisha.

Lengo lisiwe mwili uliokuwa nao ukiwa na miaka 18. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 6 na kukaa hapo amefanya kazi kubwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwahusisha watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi lililopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki lilipunguza uwezekano wa kupata ugonjwa huo kwa asilimia 58 katika kipindi cha karibu miaka mitatu. Waliopewa dawa ya metformin walipunguza kwa asilimia 31.

Wapo wanaopaswa kumwona daktari kabla ya kubadili chochote: wanaotumia insulini au vidonge vya kisukari, kwa kuwa sukari inaweza kushuka vibaya, wajawazito na wanaonyonyesha, na wanaotumia dawa zinazoongeza uzito, kama steroidi, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na sindano ya uzazi wa mpango. Usiziache mwenyewe, uliza kama kuna mbadala. Na anayekonda bila kutaka asifurahie, aende kupimwa. Watoto wasiwekwe kwenye mlo wa kupunguza uzito bila ushauri wa daktari. Badilisheni chakula cha nyumba nzima, wacheze nje, msiwaite majina.

Na kama wewe ndiye unayepika, nyumba yako ina bahati, maana nusu ya yote niliyoyaandika imo mikononi mwako. Kama wewe ndiye unayepikiwa, kaa na mpishi mzungumze kuhusu mafuta na sukari kwa heshima, na uchangie bei ya mboga na dagaa. Na kama nyumbani kuna mtu anayejaribu kupungua, tafadhali usimwongezee chakula sahanini bila kumuuliza.